Sala ya Asiyeamini: Maswali Ninayoulizwa Mara kwa Mara Hapa Moshi

Nilifundisha hisabati sekondari mpaka nikastaafu. Moshi ni mji wa ibada: adhana alfajiri, kengele baada yake, na usiku wa Ijumaa spika za mkesha. Mtu akiacha kwenda kanisani huku kwetu, habari hufika nyumbani kabla yake. Yangu ilifika zamani. Sasa iwe nachagua ndizi Mbuyuni, nimekaa msibani Kibosho, au nasubiri gari lijae pale stendi, haipiti wiki bila mtu kuniuliza: "Na wewe Mwalimu, siku hizi unasali?" Najibu kwamba nasali, ila siamini. Hapo ndipo maswali yanapoanza. Haya ndiyo yanayojirudia.

Kwani wewe si Mkatoliki?

Nilibatizwa, nikapata komunyo na kipaimara, nikaimba kwaya sauti ya tatu kwa miaka kumi na moja. Sikugombana na padri, wala hakuna aliyenikosea. Imani ilinitoka kama maji yanavyoondoka kwenye mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia mashamba, wakati wa kiangazi: leo yamepungua kidogo, kesho kidogo, halafu siku moja unakwenda na jembe lako kufungulia zamu yako unakuta tope limepasuka. Huwezi kusema ilikuwa siku gani.

Kama huamini kuna Mungu, unasali kwa nani?

Shangazi yangu analiuliza vizuri kuliko wote: "Mwanangu, barua isiyo na anwani inafika wapi?"

Nimekaa na swali hilo muda mrefu. Nianze na neno "kuomba". "Kusali" tumekutenga kwa ibada, lakini kuomba hatukumtengea Mungu peke yake. Naomba maji. Naomba radhi. Naomba kupita. Naomba chumvi, mama, yangu imeisha. Ni neno lile lile tunalolipeleka mbinguni. Anayeomba, kabla hajapewa wala kunyimwa chochote, ameshakiri jambo moja mbele ya watu: hiki sina, na peke yangu siwezi kukipata. Muumini hulikiri mbele ya Mwenyezi. Mimi nalikiri vilevile, ila upande wa pili simwoni mtu. Upungufu wangu haukuondoka siku imani ilipoondoka. Hilo watu wengi hawalielewi. Wanadhani asiyeamini ni mtu aliyejitosheleza.

Lakini jibu la kweli zaidi ni bibi yangu. Kila usiku kabla ya kuzima koroboi, akishamaliza rozari, alikuwa na orodha yake. Alianza na watoto wake kwa kufuata kuzaliwa, wajukuu wakafuata, kisha walioko Dar, aliyeko Mombasa ambaye haandiki, aliyefungwa, jirani wa chini na mguu wake, mama wa ng'ambo ya mto aliyefiwa. Mimi nililala kitanda cha pili nikisikiliza, nikingoja jina langu. Miaka mingi ilipita ndipo nikagundua kwamba bibi hakuwa akiomba mambo mengi. Hakusema "mponye" wala "mpe kazi". Alisema tu, "Na huyu, na mguu wake." Ananyamaza kidogo. Anakwenda kwa mwingine.

Imani yangu ilipokauka orodha ilibaki. Ndiyo ninayoiita sala. Sijui jina jingine la kuipa.

Si useme tu kwamba unatafakari?

Hapana. Nimewaona wageni waliokuja kupanda mlima wakikaa bustanini mwa hoteli, macho wamefumba, wanajitahidi kuondoa kila kitu kichwani. Nawatakia heri. Mimi nafanya kinyume chake: najaza watu.

Sala, swala, dua, maombi: si kitu kimoja?

Jirani yangu Mwislamu alinisahihisha hapa, na nashukuru. Swala ina nyakati zake tano, ina udhu, ina kibla, ina rakaa zilizohesabiwa, huwezi kuibuni. Dua ni ombi la mtu wakati wowote, kwa lugha yake mwenyewe. Aliponieleza hivyo niliona kwamba nilichopoteza mimi kinafanana na swala, na nilichobaki nacho kinakaribia dua. Yeye hakubali. Anasema dua bila Mwenye kuombwa ni mtu kuongea peke yake. Nikamwambia huenda ni kweli, tukaendelea kunywa kahawa.

"Maombi" hapa mjini yamechukua maana ya mikesha, na sina la kusema juu ya mikesha ila kwamba ningeomba spika zielekezwe upande mwingine.

Wazee wetu kabla ya misheni walisali bila dini. Si ndivyo na wewe unavyotaka?

Kijana mmoja wa chuo aliniletea hoja hii akidhani amenisaidia. Hakunisaidia, kwa sababu si kweli. Wakatoliki walifungua misheni Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, Walutheri wa Leipzig wakaingia Machame 1893, na wote waliwakuta Wachagga wakimwita Ruwa, neno ambalo ni jua na ni Mungu pia. Waliwakuta wakiwatambikia wahenga kwa mbege, pombe yetu ya ndizi, na nyama katika vihamba vyao, yaani mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba. Watu hao waliamini, tena sana. Siwezi kuwatumia kama mashahidi wangu.

Kuna kitu kimoja tu cha kwao ninachokiazima. Isale. Kila Mchagga anaujua mmea huu. Ndio tunaopanda mpakani mwa kihamba, na ndio tunaoubeba tunapokwenda kuomba msamaha. Ukimkosea mtu vibaya unakata jani la isale, unakwenda nalo hadi mlangoni kwake. Akishaliona, hawezi kukufukuza. Itambidi akusikilize. Hilo ni ombi, na lina uzito kama wa madhabahu, lakini linatoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Nitarudi kwenye isale hapo chini.

Utafiti unasemaje? Sala inaponya?

Kwa kuwa nilikuwa mwalimu wa hesabu, swali hili nalipenda.

Mwaka 1872 Mwingereza Francis Galton alijiuliza hivi: kama sala za hadhara zinarefusha maisha, basi wafalme, wanaoombewa na nchi nzima kila Jumapili, wangeishi kuliko matajiri wenzao. Akapiga hesabu. Akakuta wafalme ndio waliokufa mapema kuliko makundi mengine aliyowalinganisha nayo. Hesabu hiyo ina matundu yake. Nani alipima kama wananchi walikuwa wakimwombea mfalme kwa moyo au kwa midomo?

Utafiti mzito zaidi ulitoka 2006, chini ya daktari Herbert Benson wa Marekani. Wagonjwa 1,802 wa upasuaji wa moyo, hospitali 6, makundi matatu. Kundi la kwanza liliombewa bila kuwa na hakika kama linaombewa. La pili halikuombewa, nalo halikuwa na hakika. La tatu liliombewa na likaambiwa wazi kwamba linaombewa. Waliopata matatizo baada ya upasuaji walikuwa asilimia 52 katika kundi la kwanza, 51 katika la pili, na 59 katika la tatu. Yaani kuombewa hakukuleta tofauti, na kujua kwamba unaombewa kulikwenda pamoja na hali mbaya kidogo. Wengine walikisia kwamba mgonjwa akiambiwa watu wanamwombea huanza kujiuliza: kwani hali yangu ni mbaya kiasi hicho?

Kinachonichekesha mimi ni jambo dogo katika utafiti huo. Waombaji walikuwa wageni kabisa kwa wagonjwa, na walipewa jina la kwanza na herufi ya kwanza ya ukoo. Basi. Bibi yangu angeuliza: huyo mtu ni wa nani, ana watoto wangapi, mguu wake ni upi unaouma?

Mwaka 2001 Luciano Bernardi wa Italia na wenzake walipima watu 23 wakisali Salamu Maria kwa Kilatini, kwa kupokezana kama tunavyofanya jumuiya. Pumzi zao zilishuka hadi kama 6 kwa dakika, na mapigo ya moyo yakaenda kwa mpangilio mzuri zaidi. Kwa hiyo rozari inatuliza mwili, na mwili hauulizi kama unaamini. Wakati nasubiri majibu ya kipimo cha mke wangu, kwenye benchi, niliisali yote makumi matano, siamini hata neno moja, na mikono ikaacha kutetemeka. Sikuona aibu.

Basi kwako imekufanyia nini?

Mimi na mdogo wangu hatukuongea kwa miaka minne kwa sababu ya mpaka wa kihamba. Mita mbili za ardhi, migomba tisa. Sitasema nani alikuwa na haki, ingawa najua.

Orodha ya bibi ina kanuni moja: humruki mtu wa nyumba. Kwa hiyo kila usiku nilifika kwake. Mwanzoni nililitaja jina lake harakaharaka, kama mtu anayekanyaga moto. Baadaye likaanza kunikwama. Ukilisema jina la mtu usiku mara elfu moja na kitu, peke yako, bila shahidi wa kumwonyesha kwamba umeonewa, hasira inakosa chakula. Nilianza kukumbuka alivyokuwa akiogopa giza. Nilikumbuka kwamba bibi alimtaja mara baada yangu, na kwamba nilikuwa nikisikia jina langu nasinzia, hivyo la kwake nilikuwa silisikii vizuri.

Mwaka wa nne, mwezi wa Desemba, watu wote wamerudi nyumbani kwa sikukuu, nilikata isale palepale mpakani tulipopagombania nikaenda nalo kwake. Alikuwa anachoma nyama. Alilitazama lile jani muda mrefu, akasema, "Kaa, kaka." Mpaka haujasogea hadi leo. Migomba tunakata kwa zamu.

Watu wa kanisani husema huyo ni Roho Mtakatifu alinifanyia kazi bila mimi kujua. Sibishani nao.

Wimbo wa Taifa unaimba?

Naimba, tena kwa sauti. Wengi husahau kwamba ni sala kutoka mwanzo hadi mwisho: ibariki, wabariki, tubariki, dumisha. Tuni yake ilitungwa 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni Afrika Kusini. Nikiimba "hekima, umoja na amani, hizi ni ngao zetu", naomba vitu ambavyo nchi haina ya kutosha, pamoja na watu ambao nao wanavihitaji.

Na kuna sala nyingine ya taifa ambayo watu hawaiiti hivyo. Mwaka 1959 Nyerere alisema tunataka kuwasha mwenge na kuuweka juu ya Mlima Kilimanjaro, umulike hata nje ya mipaka yetu, ulete tumaini pasipo na matumaini, upendo penye chuki, heshima palipojaa dharau. Nyerere alikuwa Mkatoliki wa misa ya kila siku, lakini katika sentensi hiyo hakumtaja Mungu. Ilijibiwaje? Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda aliupandisha mwenge kwa miguu yake hadi kileleni, mita 5,895, usiku, kwenye baridi ile. Nikitazama Kibo, kilele chenyewe, asubuhi kabla mawingu hayajaifunika huwa nafikiria magoti ya yule kijana.

Nikiambiwa niongoze sala mezani au kikaoni, nifanyeje?

Itakutokea, hasa ukiwa umezeeka au una digrii. Njia rahisi ni kumpisha mwingine kwa heshima: "Namwomba mama mdogo atuongoze." Hakuna atakayeshangaa.

Ikishindikana, sema kilicho kweli. Mimi husema hivi: "Tumefika wote salama. Chakula hiki kimelimwa na watu, wengine hatuwajui. Kimepikwa na hawa walioamka mapema. Wapo waliozoea kukaa nasi hapa na leo hawapo. Tuwakumbuke." Nataja majina. Nanyamaza kidogo. "Karibuni." Kila mara kuna mjomba anayemalizia kwa sauti, "Katika jina la Yesu!" na wote, Amina. Mwacheni. Chakula kinapoa.

Na ukisema Amina, si unafiki?

Amina ni kuthibitisha: na iwe hivyo. Mtu akiomba mtoto apone nami nataka apone, nitakosaje kusema na iwe hivyo? Akiomba adui zake waanguke wasiinuke, nafunga mdomo.

Nimwambie nini mfiwa, ikiwa siwezi kusema "Mungu ametoa, Mungu ametwaa"?

Bahati yetu ni kwamba tunazungumza lugha yenye neno "pole". Halidai imani yoyote, halielezi kwa nini, wala haliahidi kitu. Mtu aliyefiwa anaweza kuambiwa pole mara mia tatu kwa siku moja na isimchoshe.

Baada ya hapo mtaje marehemu kwa jina. Watu huogopa. Wiki mbili baada ya mazishi, turubai limeshakunjwa na viti vimerudishwa, hakuna anayelitaja tena, na mjane anabaki nalo peke yake nyumbani. Nenda siku hiyo. Peleka mkungu au mche wa sabuni. Sema, "Leo nilimkumbuka alivyokuwa akituchekesha." Na padri akianza "Raha ya milele umpe, ee Bwana", itikia na wenzako kama unaweza. Kaburini si mahali pa kutangaza msimamo wako.

Mtu akikuambia wewe "nakuombea", jibu ni "asante". Amekupa alicho nacho.

Kuna hatari yoyote?

Zipo. Kubwa ni sala inayochukua nafasi ya dawa. Mgonjwa wa sukari, wa presha au anayetumia ARV akiambiwa ameshapona kwa maombi na atupe vidonge, huyo anauawa polepole. Muumini mwenye akili anasali na anameza dawa; hospitali kubwa ya rufaa ya hapa kwetu, KCMC, iliyofunguliwa 1971, ina mizizi kanisani, na sijawahi kusikia daktari wake akimwambia mtu achague kimoja.

Hatari ya upande wetu ni ndogo lakini ninaifahamu vizuri. Unaweza kumtaja mtu kila usiku ukajiona umeshamhudumia. Nilimtaja mwalimu mwenzangu mgonjwa kwa miezi mitatu, na yuko Pasua tu, shilingi chache za daladala. Alipofariki nilikuwa sijaenda hata mara moja.

Sheria inaniruhusu nisiwe na dini?

Ndiyo. Katiba ya 1977, ibara ya 3, inasema Jamhuri yetu haina dini, na ibara ya 19 inalinda uhuru wa imani pamoja na haki ya kubadilisha. Mahakamani unaweza kuthibitisha badala ya kuapa. Tatizo ni fomu za ofisini zenye mstari wa "Dini". Mimi huandika "hakuna", karani hunitazama, halafu anauliza, "Hakuna, au umesahau?"

Mke wako anasemaje?

Anasali rozari yake, mimi nafanya orodha yangu, taa tunazima pamoja. Mwanzoni alilia. Siku hizi ananikumbusha: "Umemsahau mtoto wa dada yako, ana mtihani."

Mwalimu, na mimi unaweza kuniweka kwenye orodha?

Ndiyo, na ni swali ninaloulizwa zaidi kuliko yote, mara nyingi na waumini, kwa sauti ya chini, wakati tunaagana. Niambie tu unaitwaje nyumbani na kitu gani kinakusumbua. Nitakutaja baada ya watu wa nyumba, kabla ya waliofariki. Kama una ng'ombe mwenye mimba sema pia. Bibi alikuwa anawataja.